Chujio Jeupe Mno

Maiti ya msichana ilikuwa bado kitandani, bwenini. Daktari wa polisi hakuzungusha maneno.

"Kaharisha mpaka mwili ukakauka. Wenzake wako hoi zahanati."

Inspekta alimgeukia mkuu wa shule. "Lile tangi la maji bado mnalitumia?"

"Maabara ilisema maji ni salama."

"Lifunge!"

"Watoto wote hawa wanywe nini, afande? Niletee ushahidi."

Inspekta alitoka akisonya. Tangi lilikuwa limeliwa na kutu. Maji ya bomba lake yalitoka ya rangi ya chai. Akajaza chupa, akaenda nayo maabara.

Huko akakuta vita. Mpimaji kijana, waliyemwita Bi Chupa, alitia dawa kwenye chupa ya maji. Kama mna bakteria wa kinyesi, kesho yake maji huwaka buluu chini ya taa maalumu. Mkuu wake, Mzee Chujio, alipitisha maji kwenye chujio, akalilaza kwenye kisahani, akahesabu madoa yanayoota. Maji yaleyale ya shule, majibu mawili. Na mwenye kutia sahihi ni mzee.

"Yaliwaka, afande! Nilimwambia!"

"Chupa zake zinadanganya. Kisahani changu hakijaota hata doa."

"Hayo mambo yako ya enzi za mababu..."

"Nyamazeni!" Inspekta alipiga meza. "Mtoto kafa, nyie mnabishana kama mashabiki wa mpira! Nipe hicho kisahani."

Chujio lilikuwa jeupe pe. Inspekta akalitazama, kisha akamsukumia mzee ile chupa aliyoijaza bombani.

"Chuja haya."

"Ya nini tena?"

"Chuja, mzee! Umenichosha."

Maji yakapita. Chujio likabaki la kahawia, limejaa kutu.

Inspekta akapiga simu shuleni. "Mwalimu, funga tangi sasa hivi. Ushahidi ninao." Akakata, akamgeukia mzee. "Lile jeupe ulichuja maji gani?"

"Ya tangi..."

"Usinichezee akili."

Mzee akainamisha kichwa. "Ya kuchemshwa. Ya humu ndani."

"Kwa nini?"

"Wakubwa walitaka kutupa machujio, waagize chupa zake tu. Maisha yangu yote nimechuja, afande! Nikataka chupa zionekane zimekosea. Mara moja tu."

"Kwa hiyo maji ya tangi hukuyapima kabisa?"

"Niliyapima. Yaliota madoa kisahani kizima, nikakitupa."

"Kumbe majibu yetu yalilingana!" Bi Chupa alipiga ukelele, akakaa chini analia.

Mzee aliinua kidevu. "Ndiyo. Chujio langu halikukosea, afande. Hilo liandikwe."

 Inspekta akamtia pingu.