Toa Picha Kwanza

Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho studio. Pazia la buluu limetundikwa ukutani. Mbele yake kuna kiti cha wateja, na karibu na dirisha ipo meza ya kompyuta. Mke hupiga picha. Mume hukata mbao na vioo uani na kutengeneza fremu. Watu wakawapa majina, Mama Picha na Baba Fremu, na wenyewe wakayazoea.

Asubuhi hiyo Mama Picha alifagia studio, akafuta lenzi za kamera, kisha akakaa mezani. Mchana bi harusi mmoja angekuja kuchagua picha zake. Mama Picha aliwasha kompyuta yake ya kukunja, ile wengi tunayoiita laptopu.

Feni ikavuma. Nembo ya kiwanda ikatokea, ikapotea. Kisha kioo kikawa cheusi. Ukabaki mstari mmoja wa maandishi meupe: mfumo endeshi haukupatikana.

Akaizima. Akaiwasha tena. Maandishi yale yale.

"Baba Fremu! Njoo uone. Kompyuta haitaki kuamka."

Mume aliingia akijipangusa vumbi la mbao. Alitazama kioo. Kisha akatazama sakafu.

"Labda imechoka," alisema.

"Imechoka? Ilikuwa inabeba magunia?"

"Ipige kofi dogo ubavuni. Redio ya marehemu babu ilikuwa inasikia kofi."

"Kofi utapigwa wewe!"

Baba Fremu alicheka. Mkewe hakucheka. Kijasho chembamba kilimtoka juu ya mdomo.

"Harusi yote ya yule binti imo humu," alisema. "Unakumbuka? Simu zilikatazwa ukumbini. Aliyepiga picha ni mimi peke yangu. Na baba yake alianguka akafa siku chache tu baada ya harusi."

Baba Fremu alimkumbuka yule mzee. Siku ile alicheza hadi koti likampasuka mgongoni.

"Si picha zimo kwenye kadi ya kamera?"

"Kadi niliifuta. Nilipigia picha za wanafunzi."

Mume akakaa kwenye kiti cha wateja. Akasimama. Akakaa tena.

"Basi usihangaike," alisema kwa haraka. "Naipeleka kwa fundi pale barabarani. Anapiga programu upya, mambo yanakwisha. Ya binamu yangu ilirudi inang'aa kama mpya."

"Kweli?"

"Kweli tupu. Nipe hapa."

Akaikumbatia kompyuta, akatoka mbio.

Kwenye lango alikutana na jirani yao, mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi. Alikuwa likizo, ametoka kufua, na mikono yake ilikuwa na povu la sabuni.

"Shemeji, unakimbia na mali ya nani? Umeiba?"

"Niache, Mwalimu. Imegoma kuwaka. Naipeleka ikapigwe programu upya."

"Mna kitu cha maana humo?"

"Picha zote."

"Na nakala zake ziko wapi?"

"Nakala gani?"

Mwalimu akasimama katikati ya lango, povu likimdondoka vidoleni.

"Rudi ndani," alisema.

"Lakini fundi…"

"Rudi, shemeji! Kupiga programu upya mara nyingi kunafuta vilivyomo. Kompyuta itaamka, ndiyo. Itaamka tupu. Wewe mlango ukikwama, unachoma nyumba?"

Walirudi. Mama Picha aliposikia habari hiyo, alishika ukingo wa meza.

"Kwa hiyo zimepotea, Mwalimu?"

"Sijasema hivyo. Nisikilizeni. Mfumo endeshi ni programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuiongoza. Picha ni kitu kingine. Vyote vinakaa kwenye diski, lakini kimoja kinaweza kuharibika na kingine kikabaki kizima."

"Kinaweza?"

"Kinaweza. Tutazame kwanza."

Ubavuni mwa kompyuta flashi moja ilikuwa imesahaulika.

"Hii itoe," alisema Mwalimu. "Wakati mwingine kompyuta inautafuta mfumo kwenye flashi, haiuoni, inagoma. Mimi mwenyewe imenikuta."

Mama Picha aliichomoa. Wakaiwasha kompyuta, wote watatu wameikodolea macho. Feni. Nembo. Weusi. Maandishi meupe.

"Mungu wangu," alisema Mama Picha.

Mwalimu aliizima. Akaiwasha tena, huku akibonyeza kitufe kimoja mfululizo. Safari hii ukatokea ukurasa wa mipangilio, na ndani yake orodha ya sehemu za kompyuta. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Diski inaonekana. Hiyo ni dalili nzuri. Kama isingeonekana, au ingekuwa inagongagonga, ningewaambia muizime mara moja na kutafuta mtaalamu wa kuokoa picha. Diski inayokufa, kila ukiiwasha unaiumiza zaidi. Sasa niambieni, jana ilizimwaje?"

"Mimi niliiacha inawaka," alisema Mama Picha. "Nilikwenda sokoni."

Baba Fremu alikohoa.

"Shemeji?" Mwalimu alimgeukia.

"Nilitaka kutoboa mbao kwa keekee ya umeme," alijibu kwa sauti ndogo. "Soketi ni moja tu. Nikachomoa waya wa kompyuta."

"Na betri yake?"

"Ilikufa zamani. Inaishi kwa waya."

"Kulikuwa na maandishi yoyote kwenye kioo?"

Baba Fremu alijikuna shingo. "Yalisema inajisasisha, nisiizime. Nikasema, yaani kompyuta nayo inaniamrisha ndani ya nyumba yangu?"

Mama Picha alisimama. "Ndiyo maana ulikuwa unaangalia sakafu! Na bado ukataka kuikimbiza kwa fundi!"

"Nilitaka kuirekebisha kabla hujajua."

"Ungeifuta kabla sijajua!"

"Mtagombana baadaye," alisema Mwalimu. "Huu ukweli ndio niliokuwa nautafuta. Fundi usimfiche kitu, kama usivyomficha daktari. Kompyuta ilikuwa inabadilisha sehemu za mfumo wake, umeme ukakatika katikati. Mfumo umebaki nusu. Hatuurekebishi sasa. Tunatoa picha kwanza."

Alikwenda kwake, akarudi na flashi na diski ya nje.

"Kwenye flashi hii kuna mfumo mwingine kamili," alieleza. "Tunaiazimisha kompyuta mfumo huo kwa muda, ili tuweze kusoma diski yenu bila kuandika chochote juu yake. Kompyuta ikikuomba ufute au uandae diski upya, kataa."

Kompyuta iliwaka polepole. Yakatokea mafaili. Mwalimu akafungua la harusi. Ikajaa miraba midogo ya kijivu, mistari na mistari, haina sura ya mtu.

Mama Picha alisogea karibu na kioo.

Mraba wa kwanza ukapata rangi. Kikaonekana kiatu. Wa pili ukaonyesha ua. Mama Picha alifunika mdomo kwa kiganja.

"Bado msishangilie," alisema Mwalimu. "Hazijatoka."

Alianza kuzinakili kwenye diski ya nje. Mstari wa kijani ukawa unajaza kisanduku, kidogo kidogo. Ulipofika katikati, ukasimama.

"Mbona umesimama?" aliuliza Baba Fremu.

"Sijui. Usiguse meza."

"Hodi!"

Alikuwa bi harusi. Alivaa gauni jeusi.

"Nimewahi," alisema. "Nilishindwa kukaa nyumbani. Picha ziko tayari?"

Mama Picha alitaka kusema ziko tayari, akae kidogo. Kisha akapiga moyo konde.

"Mwanangu, kompyuta imeharibika. Picha zako zimo ndani. Tunazitoa sasa hivi, na sijui kama zote zitatoka."

Bi harusi alimtazama. Akakaa taratibu, akaubana mkoba wake kifuani.

"Nasubiri," alisema.

Baba Fremu alikwenda kusimama mbele ya soketi, mikono ameitanua kama mlinda lango. "Hapa hapiti mtu," alisema. "Hata mimi mwenyewe sipiti."

Mstari wa kijani ukajongea. Ukasimama. Ukajongea tena, hadi kisanduku kikajaa.

"Zimetoka?" aliuliza Mama Picha.

"Tuzifungue. Jina la picha kuonekana hakutoshi."

Mwalimu alifungua moja kutoka diski ya nje, kisha nyingine. Ya tatu ilimwonyesha mzee yule amefumba macho, shavu limetuna, anatafuna.

"Hiyo uiruke," alisema Mama Picha kwa haya. "Nilikuwa nimepanga kuifuta."

"Usiifute!" Bi harusi alikuwa ameshasimama. Alisogea hadi pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. "Nyumbani tunazo za vitambulisho tu. Amekakamaa kama askari. Hapa ni yeye. Huyu ni baba yangu."

Akacheka, na machozi yakamtoka.

Picha zilipokwisha kunakiliwa mara ya pili kwenye flashi ya pale studio, ndipo Mwalimu alipotumia programu ya kurekebisha mfumo. Mara ya kwanza ilishindikana. Mara ya pili kompyuta iliamka, ikamaliza kujisasisha, waya ukiwa mahali pake.

"Na ingeshindikana?" aliuliza Baba Fremu.

"Sasa ndiyo ungepiga programu upya, ukalala usingizi wako."

Siku hizi studio ina betri mpya na soketi ya pili. Kadi ya kamera haifutwi mpaka picha ziwe sehemu mbili na zimefunguliwa zikaonekana. Diski moja hukaa kwa Mwalimu, mbali na studio.

Bi harusi alirudi pamoja na mama yake kuchukua picha. Baba Fremu alikuwa ameiweka ile ya kutafuna kwenye fremu kubwa kuliko zote. Mama yule aliishika kwa mikono miwili.

"Nilimwambia asile kabla ya wageni," alisema.

Akaivuta kifuani, kioo kikimgusa kidevu.

"Hii naondoka nayo. Na ninyi mmebaki na nakala yake?"

"Tunazo mbili, mama," alijibu Baba Fremu.