Gemu ya Mwai na Kampuni Iliyoimeza

Kagure aliuza viazi na dania katika soko la Karatina. Kila jioni alirudi nyumbani, akaosha miguu, akabandika chai, kisha akafungua simu.

"Gwata ndai!" sauti ya mumewe Mwai ilitoka simuni. Hivyo ndivyo Wakikuyu huanza kutega kitendawili.

"Ndagwata!" Kagure alijibu.

"Mzee wetu hutusalimia alfajiri. Kufika saa nne amejifunika blanketi."

Jibu alilijua. Ni Mlima Kenya, unaofunikwa na mawingu. Lakini alibonyeza jibu la makosa makusudi, ili Mwai amcheke.

"Wee, hii imekushinda!" Mwai alisema, akacheka hadi akakohoa.

Mwai alikuwa amezikwa mwaka uliopita. Kabla hajaugua, vijana wa kampuni ndogo ya Nyeri iitwayo Tegua walimrekodi akitega vitendawili mia mbili. Wakaviweka kwenye gemu ya simu. Kampuni kubwa, Kilele, ilikuwa na gemu kama hiyo. Zilipigania wachezaji. Moja ikileta matangazo marefu, watu walihamia nyingine. Ndiyo maana zote zilikuwa za bure.

Siku moja Kilele ikainunua Tegua. Kingori, mwana wa Kagure, aliyekuwa fundi wa simu, alifurahi.

"Mami, hiyo ni baraka. Kilele iko na pesa. Mzee atasikika mpaka Mombasa!"

Jumapili Kagure alisimama kanisani akatoa ushuhuda. Watu wakapiga makofi.

Baada ya miezi mitatu gemu zote mbili za Kilele zilianza kudai pesa kwa kila vitendawili vitano. Kagure alilipa. Kisha asubuhi moja akakuta maandishi tu: "Gemu hii imefungwa. Tumia ya Kilele."

Kingori alipigia Kilele simu. Aliambiwa nini? Kwamba hawakuhitaji gemu mbili, na rekodi zimefutwa. Vijana wa Tegua nao hawakuwa na nakala. Walikabidhi kila kitu walipouza.

Kagure hakulia siku hiyo. Alilia siku ya tatu, sokoni, akimpimia Safa viazi. Safa alifanya kazi Nyeri, katika ofisi ya kutetea haki za wanunuzi. Alikalia gunia, akasikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, mama. Lakini kabla kampuni hizo ziungane, serikali iliuliza watu maoni kwa gazeti. Hukuandika?"

"Gazeti? Gazeti mimi nafungia watu dania!"

Kingori alikuwa amemletea mama yake chakula. "Safa, wacha nikuulize. Kampuni kuwa kubwa ni makosa? Tegua ilikuwa inalemewa. Kilele ingeweza kutengeneza gemu nzuri zaidi."

"Si makosa kila mara," Safa alisema. "Kuna kampuni ndogo huokolewa hivyo. Swali ni hili: wakishaungana, mteja asiporidhika atahamia kwa nani?"

Kagure alipangusa pua kwa leso. "Kumbe ni kama madalali wa viazi! Walikuwa wawili. Huyu akitoa bei mbaya, nilingoja lori ya yule. Waliungana. Sasa ni ati chukua hiyo bei ama urudi nazo."

"Umeelewa kuliko wengine ofisini kwetu," Safa alisema.

"Nimeelewa nimechelewa."

Safa hakumbishia. "Lakini sasa Kilele inataka kununua Rika, gemu changa ya vitendawili ambayo wengi hawajaijua, na ndiyo ya mwisho iliyobaki. Kuna mkutano wa maoni Alhamisi, Nyeri. Utakuja?"

"Na itarudisha Mwai?"

"Hapana, mama. Hairudishi."

Alhamisi Kagure alifunga meza yake mapema, akaenda.

Mkubwa wa Kilele, Bwana Peterson, alizungumza vizuri. Alisema gemu za ng'ambo zina nguvu, na kampuni za hapa zikiungana ndipo zitaweza kushindana nazo. Watu wengine waliitikia kwa kichwa. Kagure mwenyewe aliona kuna ukweli hapo. Kisha akainuka.

"Bwana Peterson, mliponunua Tegua mimi nilishukuru Mungu mbele ya kanisa. Mlisema pia itakuwa bora. Mkaweka bei, kisha mkazima bwana yangu kama taa. Mngejua nitahamia kwingine, mngenipoteza hivyo?"

Maofisa wa serikali waliandika maneno yake.

Baada ya wiki sita jibu la serikali lilitoka. Kilele ilikatazwa kununua Rika, kwa sababu ingebaki peke yake. Watu walianza kuhamia Rika, na Kilele ikaondoa malipo. Rika nayo iliahidi kumpa kila aliyerekodiwa nakala yake.

Siku ya soko, jirani yake Beth, aliyemwita Kagure shosho, yaani bibi, alikuja mbio kwenye meza yake.

"Shosho, asante! Mama mkwe alirekodiwa na Rika. Tangu apooze hasemi tena. Jana tumeletewa nakala. Amesikia sauti yake, akatabasamu!"

"Mungu ni mwema," Kagure alisema. Alimpimia viazi, akaongeza vitatu juu.

"Na sauti ya mzee Mwai?"

"Hiyo ilienda." Kagure aliinama akamfungia. "Shika mfuko kwa chini, mama. Usipasuke."