Sahani ya Theonest

Marsiana alikuwa akichambua maharage aliposikia harufu ya nafaka inayoungua. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Celestini, balozi wa nyumba kumi, akaingia uani ameshika kofia. Alimweleza taratibu kwamba Theonest, mwanawe, ameuawa vitani ng'ambo ya Mto Kagera, na wenzake wamemzika hukohuko. Akampa kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na nishani ya shaba, yenye mwanamke aliyevaa kofia ya chuma.

Aliijua. Mzee Gozbert, baba mkwe wake, alipewa na Wajerumani baada ya vita vya Maji Maji, ambako kikosi chake kilichoma maghala mpaka watu wakafa njaa. Wafu wale walimfuata hadi Biharamulo. Kila jioni Mzee aliwawekea sahani nje ya mlango, kamwe si ndani, na asubuhi ilikuwa tupu. Familia ilipohamishiwa kijiji cha ujamaa, unga uligawiwa kwa vichwa. Marsiana, aliyerithi kazi ya sahani, akahesabu walio hai tu, na sahani ya nje ikakoma. Theonest alikwenda vitani na nishani akidhani ni kinga.

Bibi Nahimana, mganga, aliitwa mchana uleule. Alikataa kuishika.

"Kaitupe kijitoni kabla ya chakula, mwanangu," alisema. "Walikosa sahani, wakamla yeye. Sasa wataijia nyumba kwa sauti yake. Ukiwaingiza, hawatoki. Na una binti."

Marsiana alikwenda. Alipoinua mkono juu ya maji, nyuma yake kikasikika kikohozi, kile kikavu cha pumu alichokijua tangu Theonest ana miaka miwili, akimkandia kifua kwa samli usiku baada ya usiku, na harufu ya maghala yanayoungua ikamjaa puani, na bado akasimama asikilize kama kitarudia.

"Mama, nina njaa."

Alirudi na nishani kwenye pindo la khanga.

Jioni alipakua ugali na maharage. Mumewe, Bonaventura, alitazama sahani zilivyo nne, akainamisha kichwa.

"Mama," Kalista alinong'ona, "hiyo ya nani?"

"Kula."

Aliibeba ya nne, akapita nayo mlangoni bila kuinama kuiacha nje, akaiweka ndani, mbele ya kigoda kitupu kando ya binti yake. Kigoda kikatoa mlio kama kimekaliwa. Akafunga mlango, akahesabu: Bonaventura, Kalista, yeye, Theonest.

Walikuwa wametimia.