Tumbo Lisilovimba

Kosa la kwanza lilikuwa dogo: tumbo halikuvimba.

Muuguzi aliijua kazi yake. Miaka minne alikuwa akidunga sindano za kuyeyusha mafuta katika kliniki iliyo juu ya duka la vitambaa, na kila tumbo alilolidunga lilivimba kwanza, likauma, ndipo baada ya wiki kadhaa likaanza kupungua. Tumbo la dada yake lilidungwa Jumanne jioni. Jumatano asubuhi lilikuwa bapa kama ubao wa kukatia mboga.

"Mdogo wangu, una mikono ya baraka," dada alimwambia kwa simu, akicheka.

Muuguzi hakuwa na nguvu za kubishana. Nyayo zilimwaka moto, na wateja sita walimsubiri kwenye benchi.

Hata hivyo, jambo moja lilimkera. Alikuwa na mzaha wake wa kazini. Akishachora nukta za kalamu tumboni na kuvuta dawa kwenye bomba, humwambia mteja, "Haya, liage tumbo. Sema: nakuachia, chukua." Mteja hucheka, misuli hulegea, sindano huingia. Hakuna aliyewahi kuuliza ni nani huyo anayeambiwa achukue. Lakini Jumanne ile dada yake hakucheka. Alilikodolea macho tumbo lililombebea watoto watatu, akasema, "Chukua. Chukua lote. Sitaki hata kuliona." Papo hapo, nyuma ya pazia, mtu akameza funda kubwa. Muuguzi alifungua pazia, akakuta ndoo ya taka na ukuta.

Alijiambia ni uchovu. Uchovu ulikuwa unabebeshwa lawama nyingi siku hizo.

Wiki ya tatu alikwenda kumwona dada yake mchana, wakati wa mapumziko. Mlangoni alipokewa na harufu ya mafuta yaliyochacha, ingawa jiko lilikuwa baridi na sufuria zote zimefunikwa. Dada alikuwa kitandani, amekalia mito miwili kwa sababu hakuwa tena na nyama ya kukalia. Pete ya ndoa aliifunga uzi isidondoke. Muuguzi alihisi machozi yanamlenga.

"Unakula, dada?"

"Nakula kuliko wewe." Dada alishusha sauti. "Anakuja nikijilaza. Sijamwona. Nausikia ulimi tu, wa baridi."

"Tangu lini?"

"Usiseme kwa sauti. Akisikia watu wanazungumza anaamka."

Muuguzi aliushika mkono wa dada yake, akataka kusema neno la kumtuliza, lakini chini ya ngozi, pale ambapo nyama ilipaswa kuwa, aliona kitu kikitembea polepole kutoka kiwiko kwenda begani, kikisimama kila baada ya sentimita moja, nukta kwa nukta, kama anavyotembea yeye na sindano yake, na kila kiliposimama ngozi ilizama na harufu ikazidi, mpaka kikafika shingoni, na kutoka uvunguni ikasikika sauti yake mwenyewe, ile laini ya kazini, ikisema, "Haya, dada, sema tena."

Alipiga yowe, akakimbilia simu.

Mtabibu wa majini alifika siku iliyofuata, akiwa na mkoba uliochanika na mafua makali. Aliomba kiti kabla ya salamu kwisha. Alisoma dua kimoyomoyo kwa muda mrefu, akipenga kamasi katikati, kisha akamgeukia muuguzi.

"Huyu si mwizi. Ningemkuta ameiba, ningemtoa kwa fimbo. Huyu alipewa."

"Ni mimi niliyewafundisha wateja kusema 'chukua'," muuguzi alinong'ona. "Ulikuwa mzaha tu, mzee wangu."

"Kwa wengine ulikuwa mzaha. Dada yako alimaanisha." Akamsogelea mgonjwa. "Mama, dawa ni moja. Sema mwili huu ni wangu, nautaka, siutoi. Useme kutoka moyoni. Ukisema kwa mdomo mtupu anakaa, na ukichelewa, kabla ya wiki mbili kwisha atakuwa amefika kwenye moyo wenyewe."

Dada aliinuliwa, akaketi ukingoni mwa kitanda. Mbele yake kulikuwa na kioo cha kabati. Muuguzi alipiga magoti na kuikumbatia ile miguu, myepesi kama ya mtoto, akasihi, "Sema, dada yangu. Nakuomba. Maneno machache tu, halafu tulale sote."

"Mwili huu..." dada alianza.

Uvunguni kukatulia. Mtabibu aliinua mkono, tayari.

Dada alijitazama kiooni. Alishika kipande cha ngozi kilichoning'inia chini ya kidevu, akakivuta, akakigeuza upande wa mwanga.

"Mkimtoa," aliuliza polepole, "si nitanenepa tena?"

Mtabibu alishusha mkono, na uso wake ulionyesha kwamba hilo swali ameshaulizwa katika nyumba nyingi. Muuguzi aliiachia ile miguu; miaka minne alikuwa analipwa kwa hofu hiyo hiyo.

"Basi mwacheni kidogo," dada alisema. "Wiki moja tu."

Nyuma ya mgongo wake godoro lilibonyea taratibu, kama mgeni aliyekaribishwa ndio kwanza anakaa.