Tiketi Ndani ya Bitana

Siku walipokutana, watu walikuwa wanasukumana kwenye lango la ukumbi wa muziki, na tiketi ya fundi cherehani ilikataa kusomwa. Alivaa gauni la bluu lenye kola nyeupe, kazi ya mikono yake. Fundi wa malango aliifuta tiketi kwa shati lake, akaigusisha kwenye mashine, taa ikawaka kijani. Akamweleza kuwa mna chipu ndani, husomeka hata ikiwa mfukoni.

Mtu wa sindano hashindwi. Aliishona tiketi yake ya msimu ndani ya bitana ya koti, akawa anapita langoni mikono mitupu, akicheka. Baada ya miezi minne walikuwa hawalali bila kupigiana simu.

Kisha, Jumamosi tatu mfululizo, mwanamke alisema ana nguo nyingi za harusi, hatoki dukani. Moyo wa mwanamume ukamwasha. Kwenye kompyuta ya kazini akaandika namba ya tiketi ya mpenzi wake. Kumbukumbu zikaonyesha: lango la tatu, saa kumi. Roshani, saa kumi na robo, kwenye viti vya wawili wawili. Jumamosi zote tatu. Alipiga magoti akamwomba Mungu amwondolee wivu, akainuka, akafungua kompyuta tena.

Akapiga simu.

"Leo umeshinda wapi, mpenzi?"

"Kwenye cherehani, roho yangu. Sina mgongo."

"Na kule roshani ulikaa na nani?"

Cherehani ikanyamaza.

"Aliyekaa roshani ni mdogo wangu na mchumba wake. Nilimwazima koti." Sauti yake ilishuka. "Wewe umejuaje koti langu lilipo?"

Akajitetea kwamba ndiyo kazi yake.

"Kazi yako ni kufungua lango. Umenifuata mara ngapi?"

Hakuweza kudanganya. "Nimeangalia mara kumi na moja."

Simu ikakatwa. Mdogo mtu alipoelezwa, alilivua koti kama limeingia siafu.

Wiki mbili zikapita bila simu. Fundi wa malango alikwenda kwa meneja, akakiri alichofanya, akasema fundi yeyote anaweza kumfuata mtu hivyo, akaomba afungiwe kumbukumbu zile. Akahamishiwa kwenye nyaya za taa. Jumamosi akaenda dukani kwa mwanamke bila kujua kama atamkuta.

Alimkuta. Koti lilikuwa mezani, bitana imefumuliwa. Tiketi ilikuwa ndani ya kifuko cha kitambaa kilichotandikwa karatasi ya alumini ya jikoni.

"Nimekijaribu langoni, mashine haikuona kitu," alisema. "Sasa utanifuataje, bwana mpelelezi?"

"Nimeomba ninyimwe kompyuta."

"Na wivu?"

"Huo bado ninao. Nikikuomba tuoane, utakubali?"

"Mashine yako inasemaje?"

"Haijui. Ndiyo maana nimekuja kuuliza."

Mwanamke alichomeka sindano kwenye kola ya gauni lake, akampa mkono.

"Basi uwe unauliza hivyo hivyo maisha yako yote."