Kofia ya Sufu ya Douce

Joto la hapa Mikelenge linatosha kuivisha yai. Lakini Douce, binti wa Numbi, mwenye miezi mitano, alikuwa amefungwa kofia ya sufu mpaka mashavuni.

"Mutoto anatoka jasho," Numbi alisema.

"Aache atoke," akajibu Mimi, mke wake. "Afazali jasho kuliko midomo ya watu."

Chini ya kofia, sikio la kulia la Douce lilikuwa dogo kama karanga, halina tundu. Kofia aliifuma Adèle, dada mdogo wa Numbi. Adèle alizaliwa porini wakati wa vita, masikio yake yote mawili hivyo hivyo. Watu walisema mabomu ndiyo yaliyoyaziba. Hakupimwa, wala hakujifunza kusema. Alichekwa sana. Hakutaka Douce naye achekwe.

"Wakati wa mimba ya Douce, bomu gani ililia hapa?" Numbi akauliza.

Asubuhi wakaenda kituo cha afya.

Muuguzi Hélène aliivua kofia.

"Sikio linaumbika tumboni, miezi ya kwanza ya mimba," alisema. "Mara nyingine haliumbiki vizuri. Mara nyingine ni jambo la ukoo. Si uchawi, si kosa la mama. Mulitia kitu sikioni?"

"Mafuta ya mawese kidogo," Mimi akasema.

"Muache. Hapa hakuna tundu la kuzibua. Neno njo hili: la kushoto linasikia? Mtoto asiyesikia hajifunzi kusema kwa mdomo. Ndiyo maana tunapima mapema."

Numbi akamfikiria Adèle.

Hélène akawatuma hospitali. Huko walimpima Douce kwa mashine, akiwa usingizini. Sikio la kushoto lilisikia. Wakarudi kwa Hélène.

"Sikio moja linatosha kujifunza kusema," alisema, "lakini ninyi mulilifunika. Museme naye upande wa kushoto. Shuleni, sikio hilo likae upande wa mwalimu. Likitoa usaha, mumulete upesi."

"Na dada yangu?" Numbi akauliza.

"Mumulete. Mkubwa naye anapimwa."

Nyumbani Numbi alisimama kushoto kwa mtoto, akaita polepole, "Douce."

Douce akageuza kichwa. Adèle akaona. Aliichukua ile kofia, akaifumua uzi wote. Jumapili Douce alikuwa na soksi nene za sufu.

"Basi," Numbi akasema, "joto limeshuka miguuni."