Kidole cha Makandi

Kila Jumamosi Makandi humsaidia mama yake kuuza viazi katika soko la Isiolo. Jumamosi moja ya likizo aliruhusiwa kusafiri na rafiki yake Nasteha hadi Garbatulla, kwa nyanyake Nasteha. Mwalimu Mawira alikuwa ameagiza kila mwanafunzi alete historia ya mahali atakapotembelea likizoni. Makandi hapendi kushindwa hata katika kuruka kamba, kwa hiyo alikwisha kuamua kwamba yake ndiyo itakayokuwa bora.

Ndani ya pikapu aliuliza maswali mpaka vumbi likamkausha koo. Abdub, babake Nasteha, alijibu aliyoyajua.

"Mengine muulize mama yangu," alisema. "Lakini yeye si mtu wa maneno mengi."

Nyanya huyo, ambaye kwao huitwa Akoo Maryan, aliwapokea vizuri, akawapa chai ya maziwa ya ngamia. Jioni ngamia waliporudi, Makandi alisimama kando ya boma, akanyoosha kidole kuwaelekea.

"Mmoja, wawili, watatu..."

Kikombe kilimponyoka akoo. Alimshika Makandi mkono, akaushusha kwa nguvu.

"Hii mkono weka chini," alisema, kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

Nasteha alikuwa karibu kulia kwa hasira.

"Kwetu mifugo haihesabiwi kwa kidole. Ni kuiitia balaa. Umemuumiza akoo, na mimi ndiye niliyekuleta."

Maneno hayo yalimchoma Makandi. Historia aliisahau kabisa. Aliogopa kumpoteza rafiki yake. Alikwenda mlangoni.

"Akoo, nimekosa. Sikujua. Naomba unisamehe."

Mlango ulifunguliwa, na akoo akawaita wote wawili wakae mkekani.

"Mimi nilikuwa mdogo kuliko wewe," alianza. "Uhuru ilikuwa imekuja tu, halafu vita ikaingia huku kwetu. Serikali ikatufungia kambini, hapa hapa Garbatulla. Siku moja askari walipiga ngamia zetu risasi, sisi tukiangalia. Baba hakuweza kutazama. Akanituma nihesabu zile zimelala chini. Nikahesabu kwa kidole, hivi."

Aliinua kidole chake kilichopinda, akakitazama, akakirudisha ndani ya leso.

Siku nzima Makandi alikuwa amekanyaga mchanga ule bila kujua lolote. Nasteha alimshika mkono. Hapo ndipo walipomwona Abdub mlangoni, gunia la unga bado begani, machozi yakimtiririka.

"Mama, hii hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuniuliza," akoo alijibu.

Siku ya kurudi, Abdub alizungumza na wasichana akiendesha gari.

"Mimi nilinyamaza nikidhani ndiyo heshima," alisema. "Wewe Makandi uliuliza bila kujua heshima. Sote wawili tulikosea. Historia ya hapa wameibeba wazee wetu. Waulizeni wangali hai, lakini jifunzeni kwanza namna ya kuuliza."

Shuleni Makandi alisimulia aliyoyasikia kwa akoo. Kisha mvulana mmoja akauliza ngamia waliouawa walikuwa wangapi.

"Akoo anajua," Makandi alijibu. "Mimi sikumuuliza."